Badilisha prosesa, RAM iache ilivyo

Huku Kisumu sisi wapiga video tunaishi kwa mazishi kuliko harusi, na video ya mazishi haikatwi ovyo. Ukimwondoa mjomba mmoja aliyehutubu, utaitwa kikao. Kwa hiyo kazi moja ni saa tano za kamera mbili, na kompyuta yangu ya zamani, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 3 1200 ya viini 4, yaani sehemu nne za kuchapa kazi, ilikuwa ikirenda (kutengeneza faili la mwisho la video) usiku kucha na asubuhi nakuta bado inahema.

RAM yangu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni vijiti viwili vya 8GB, DDR4-2400 (2400 ndiyo kasi yake), vya bei ya chini kabisa dukani. Havina hata kile kibati cha urembo. Fundi mmoja akaniambia nisithubutu kuweka prosesa mpya juu ya RAM hiyo, eti itaivuta nyuma, ninunue vyote pamoja. Hakuwa amekosea kila kitu. Kwenye Ryzen, njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa hutembea kwa mwendo wa RAM: ya 2400 huiendesha kwa nusu yake, 1200 MHz, ya 3200 kwa 1600. Mchezaji wa gemu ataiona tofauti hiyo. Lakini kurenda video hutegemea zaidi viini, na Ryzen 5 3600 niliyoipata mtumba ina viini 6, nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), na kache ya L3, kumbukumbu yake ya ndani, ya 32MB inayoipunguzia safari za kwenda kwenye RAM. Na ukiangalia bei za RAM zilivyoruka tangu mwisho wa 2025, uamuzi ulijifanya wenyewe.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, soma jina la bodi yako, ule ubao mkuu unaobeba prosesa na RAM. B350, B450 na X470 zinakubali prosesa isukumwe kupita kasi ya kiwandani. A320 haikubali. Na wale wa kompyuta za ofisini za ex-UK zenye Intel isiyo na herufi K mwishoni, msijisumbue, kizidishio, ile namba inayopanga kasi ya prosesa, kimefungwa.

Bodi yangu ya B450 ni ya kabla ya 2019, kwa hiyo BIOS yake, programu ndogo inayoiwasha bodi, haikuijua 3600. Unaisasisha prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa fleshi iliyofomatiwa FAT32. Ni dakika chache tu, ila stima ikipotea katikati ya dakika hizo, bodi inaweza kubaki ubao wa kukatia nyanya. Mimi niliazima UPS ya jirani mwenye duka la M-Pesa. Hata kama wingu halipo, usiamini stima ya jioni.

Halafu nikafanya kosa la haraka. Nililegeza skrubu za kipoza joto, nikakivuta juu moja kwa moja. Kikaja na prosesa imening'inia chini yake. Pesti ya kupitisha joto kati yao ilikuwa imekauka kama ugali wa jana kwenye sufuria, na soketi ya AM4 haiishiki prosesa kwa nguvu hiyo. Pini tatu za pembeni zililala. Bahati nzuri ilikuwa ile prosesa ya zamani, niliyotaka kuuza. Nilizisimamisha kwa penseli ya kubonyeza: unatoa risasi, kile kimdomo cha chuma kinaingia kwenye pini moja, unainua polepole huku umeshika pumzi. Ilichukua nusu saa na shati likalowa. Wewe ipe kompyuta kazi nzito dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia mpaka kiachie ndipo uinue.

Sasa kusukuma. Zamani, enzi za prosesa za Intel Core 2, ulikuwa ukipandisha mwendo wa basi la mbele, yaani njia inayotoka kwenye prosesa kwenda nje, na RAM inaburutwa nayo. Prosesa ya E8400 ilikuwa 333 mara 9, yaani 3.0 GHz, ukiweka 400 unapata 3.6, na hapo DDR2-800 ya bei nafuu inatembea kasi yake halali. Ryzen imerahisisha. Msingi ni 100 MHz, uache hapo hapo. Prosesa ina kizidishio chake na RAM ina chake. Ukiandika 42 prosesa inakwenda 4.2 GHz, na RAM haina habari.

Hilo nililijua, na bado usiku ule ule nikagusa vyote viwili. Prosesa 42 kwa volti 1.3, RAM nikaipeleka 2933. Kompyuta ikawaka vizuri, nikalala nikicheka. Siku ya pili programu ya video ikajifunga baada ya saa moja, faili za zip zikakataa kufunguka, kisha skrini ya bluu. Nikalaumu prosesa. Nikaongeza volti, nikabadilisha pesti, nikairudisha kasi ya kiwandani, na bado. Wiki nzima imepotea, mteja anapiga simu. Mwishowe nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, makosa mekundu yakajaa skrini. Vijiti vyangu vilikuwa vimeweza kuwaka tu kwa 2933, kazi havikuiweza. Kwa 2666, bila kuongeza volti, vikapita usiku mzima bila kosa hata moja. Ungeniuliza leo, ningesema: pima RAM kwanza ikiwa kwenye kasi yake ya kawaida, kisha sukuma prosesa peke yake, na RAM uirudie wiki nyingine ukipenda. Pia viweke vijiti kwenye nafasi ya pili na ya nne. Kijiti kimoja cha 2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde, viwili kwa pamoja mara mbili ya hapo, na hiyo ni kasi ya bure ambayo wengi wameiacha mezani kwa kuchomeka vibaya.

Jambo ambalo video za Wazungu hazitakuambia ni paa la mabati. Nilipima 4.2 saa nne usiku, upepo wa ziwa unaingia dirishani, joto la prosesa likatulia. Kesho yake saa nane mchana, chumba kile kile, feni ile ile iliyokuja na prosesa, nikaona digrii 93, na kikomo cha 3600 ni 95. Kipimo cha usiku hakina maana Kisumu. Nikashuka hadi 41 kwa volti 1.25, mchana ikakaa 82.

Na niseme kweli, kati ya kasi ya kiwandani na hiyo 41 yangu tofauti ni dakika chache kwa kazi ya saa nyingi. Aliyeniokoa ni prosesa yenyewe. Wenye chumba kisicho na dari, iacheni ijiendeshe na pesa mnunue kipoza kikubwa zaidi. Mimi nimebaki na 41 kwa ukaidi tu, na Januari jua likiwaka nitapima tena saa nane.