Shangazi, nikikimbia naona afadhali ila nikirudi geto upweke uko palepale

"Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 28, kwetu ni Makete, nipo Dar mwaka wa pili sasa. Nafanya kazi kwenye godauni moja barabara ya Mandela, shifti ya usiku, nimepanga chumba Tabata. Mchumba niliyekuwa naye tuliachana, marafiki sina, kazini tunasalimiana tu afu kila mtu na simu yake. Kuna wakati zinapita hata siku mbili sijaongea na mtu zaidi ya konda na mama mmoja anayeuza chapati hapa mtaani, yeye huwa ananiambia leo umechelewa. Nimeanza kukimbia asubuhi nikitoka kazini maana nikilala moja kwa moja mawazo yananiandama. Nikiwa nakimbia naona afadhali kabisa ila nikifungua tu mlango hali inarudi ileile. Jumapili kuna watu wa jogging wanapita wanaimba, nikiwaona nainama najifanya nafunga kamba za viatu mpaka waishe. Kuna mda nawaza hata nikipotea leo itachukua wiki mtu kujua. Je mimi nina tatizo la akili? Na hizi mbio niendelee nazo? Kijana wa Tabata."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na pale uliposema hata ukipotea leo itachukua wiki mtu kujua. Kama ulimaanisha tu kwamba huna mtu wa kukuulizia, hilo tutaliongea hapahapa na ndo jambo kubwa nililonalo kwako. Ila kama kuna siku mawazo hayo yanaenda mbali, unawaza kufa au kujidhuru, basi usisubiri jogging wala usisubiri shangazi, nenda hospitali leo. Amana sio mbali na wewe, Muhimbili wana idara nzima ya magonjwa ya akili, ukifika mapokezi waambie hivyohivyo bila kuzunguka, "nawaza kujidhuru". Na usiende peke yako, mshike hata mwenzako mmoja wa kazini akusindikize, na usiku huo usilale peke yako. Vijana wa kiume wengi wanaona aibu kulisema hili, ukiwauliza wanakwambia niko poa, kumbe ndani wanaungua. Wewe umeweza kuniandikia mimi nisiyekujua, kwa hiyo kusema unaweza.

Sasa swali lako. Kwa nilivyokusoma naona mtu mpweke, na upweke wenyewe sio ugonjwa wa akili, ila ukikaa nao mda mrefu unaweza kukuletea sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, na mwili nao unaumia. Na hauko peke yako kwenye hili. WHO, lile Shirika la Afya Duniani, walitoa ripoti mwezi wa 6 mwaka 2025 wakasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kilichonigusa zaidi ni kwamba nchi za kipato cha chini ndo hali mbaya, kama asilimia 24, wakati nchi tajiri ni kama asilimia 11. Sisi tumezoea kusema hayo ni mambo ya Ulaya huko, huku kwetu watu tumejaa. Kujaa ndio tumejaa. Hiyo nyumba yenu najua ina wapangaji kadhaa, bomba moja, luku moja mnachangishana, lakini wewe unarudi wenzako ndo wanatoka, wao wakirudi jioni wewe unavaa viatu uende kazini, kwa hiyo mnachojuana ni jina lako kwenye karatasi ya hela ya umeme iliyobandikwa ukutani. Umeachwa na mchumba, uko mbali na kwenu, afu unaishi usiku watu wakiwa wamelala. Nani angekuwa sawa hapo? Kwa hiyo usijione una kasoro, maisha yako yamepangwa vibaya kwa sasa na mpangilio unarekebishika.

Mbio endelea nazo. Tena asikwambie mtu kwamba unakimbia matatizo. Mwili ukikimbia unatengeneza kemikali zake wenyewe za kutuliza, zamani sifa yote walikuwa wanaipa endofini, siku hizi watafiti wanaona endokanabinoidi ndo zinaweza kuwa na mchango mkubwa zaidi kwenye ile raha unayoisikia kichwani, na mtu aliyezoea mazoezi mara nyingi analala vizuri na hasira zinapungua. Hiyo afadhali unayoiona ni ya kweli kabisa, hujajidanganya.

Ila mbio za peke yako ni kama panadol, zinatuliza maumivu saa moja, saa mbili, afu zinaisha nguvu na kilichokuwa kinauma kiko palepale. Na kinachokuuma wewe umekiandika mwenyewe, ni kwamba hamna mtu atakayesema "jamaa leo haonekani, yuko wapi?" Sio kwamba unahitaji marafiki 20 wala kundi la kupiga nalo stori kila siku. Unahitaji watu wachache sana ambao usipotokea wanashtuka, na hao hawapatikani barabarani ukiwa na earphone masikioni.

Ndo maana nikasimama sana hapo kwenye kamba za viatu. Mwanangu, hao unaowainamia wasikuone ndo dawa imekupitia mlangoni!

Niseme kidogo kuhusu hizi jogging za Dar maana wewe umetoka Makete labda unadhani ni watu wa mazoezi tu. Kaangalie Temeke, Kinondoni, Ilala, karibu kila mtaa una jogging yake, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, fulana za rangi moja, wengine wamejisajili kabisa. Jumapili alfajiri wanakutana, mbele kuna mtu ana kitambaa chekundu anasimamisha magari, nyuma kuna mwingine, katikati mwimbishaji ana filimbi shingoni, na mwendo wenyewe ni mchakamchaka uleule wa shule ya msingi, pole pole, kwa sababu lazima uweze kuimba. Wakimaliza wanafanya viungo kwenye kiwanja, afu wanakaa kwenye supu au chai na hapo ndo shughuli yenyewe ilipo. Utasikia katibu anatangaza fulani amelazwa, tunaenda kumuona saa 10, fulani kafiwa na baba yake, mchango mpelekee mweka hazina. Mwanachama akifa wanabeba jeneza wakiwa wamevaa zile fulana. Mimi nimeona misiba ya watu ambao hawakuwa na ndugu hata mmoja hapa mjini ikaendeshwa na jogging kuanzia turubai mpaka sahani ya mwisho. Hawa ndo watu wa kukuulizia usipoonekana, na wana mpaka daftari la mahudhurio!

Na kukimbia kwa pamoja hakufanani na kukimbia peke yako hata mwilini. Watafiti wa Oxford walichukua wapiga makasia 12 wa chuo chao wakawapima wakifanya mazoezi kila mmoja kivyake, afu wakawapima wakifanya yaleyale kwa pamoja, wakakuta wakifanya pamoja walivumilia maumivu zaidi japo nguvu waliyotumia ilikuwa ileile. Utafiti ulitoka mwaka 2009, ni wa watu wachache kweli, lakini mtu yeyote aliyeimba mchakamchaka alfajiri anajua kwamba miguu ikigonga chini kwa pamoja uchovu unausahau. Faida nyingine ni kwamba mnakimbia ubavu kwa ubavu, hamna mtu anakukazia macho. Kijana asiyeweza kukaa mezani akasema "nimeachwa na ninaumia" anaweza akalisema hilo katikati ya kilomita ya tatu, mwenzie akaitikia "dah, pole" na maisha yakaendelea, na wote wawili wakawa wamepunguza kitu.

Unaogopa nini? Hukuniambia, ila nahisi unaogopa uchangamfu wao, fulana huna, mchango hujui ni shilingi ngapi, na utaonekana mgeni. Basi siku ya kwanza usianze kwa kukimbia. Nenda pale wanapomalizia, wakati wa viungo au wa supu, muulize mtu yeyote "katibu ni nani?" Ukimpata mwambie naitwa fulani, nakaa mtaa huu, nakimbia mwenyewe asubuhi, nataka kujua utaratibu wenu. Maneno hayo yanatosha, hakuna haja ya kueleza kuachwa wala upweke. Fulana utanunua baadaye, wageni wanakimbia na chochote. Kuhusu mchango uliza mapema na sema ukweli wa uwezo wako, kama ni mkubwa kuliko mfuko wako tafuta jogging nyingine, ziko nyingi.

Afu omba kazi. Hili nalisisitiza. Usiende kama mtu anayetafuta kuhurumiwa, waambie unaweza kushika kile kitambaa chekundu cha nyuma, au kubeba maji, au kuandika mahudhurio, wewe si mtu wa godauni, kuhesabu na kuandika ndo kazi yako? Mwanachama asiye na kazi akikosa Jumapili mbili watu wanaweza wasigundue, lakini aliyeshika daftari akichelewa dakika kumi simu inaita.

Na ujue kabisa kwamba Jumapili ya kwanza unaweza ukarudi umeumia zaidi. Utawakuta wanataniana kwa majina ya utani, wanacheka vitu usivyovijua, na wewe umesimama na kikombe chako cha supu hujui uangalie wapi. Hapo wengi wanakata tamaa wanasema hawa wana kundi lao. Usikate. Rudi ya pili, ya tatu, mpaka wakupe na wewe jina la utani. Ukiona baada ya mwezi hivi kundi lenyewe ni la kunywa pombe kutwa nzima au la kampeni za mtu, ondoka bila ugomvi ukatafute lingine.

Nije kwa mama wa chapati. Kwenye barua yako umempa mstari mmoja tu, mimi nimemuona ni mtu mkubwa sana. Anakwambia leo umechelewa. Mwanangu, huyo anajua saa zako! Umesema ukipotea itachukua wiki, mimi nakwambia huyo mama siku ya pili atauliza. Kesho usichukue chapati ukaondoka, kaa kwenye lile benchi lake dakika tano unywe na chai, mwambie jina lako, muulize la kwake na la watoto wake. Kule Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye mawazo, na walipokuja kupima kitaalamu wakakuta waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huyo mama hajafundishwa, sisemi umgeuze daktari, lakini usimchukulie poa mtu ambaye tayari anakuona.

Na nyumbani je? Mama yako najua unampigia unamwambia niko salama, namshukuru Mungu, basi. Safari hii mwambie mama huku nimekuwa mpweke, uniombee na uwe unanipigia. Atalia kidogo, sawa, ila hatakuwa anaombea hewani. Muulize pia watu wa Makete waliopo Dar wanakutana wapi, wa kwenu mara nyingi mna umoja wenu wa kusaidiana na yeye atajua namba ya mtu.

Mwisho ni hizo mbio zenyewe. Wewe unatoka kukesha, kwa hiyo barabara ya Mandela na yale malori ya bandarini achana nayo kabisa, mtu mwenye usingizi mbele ya semi ni hatari, pita barabara za ndani na earphone toa sikio moja. Dakika 30 zinatosha, mwendo wa kuweza kuongea. Ukiona jua la asubuhi linakukatia usingizi, siku nyingine kimbia jioni kabla ya kuingia kazini, na hapo ndo utakutana na wapangaji wenzako wakirudi, wasalimie kwa majina. Msimamizi wako naye muulize kama shifti zinazunguka, kuomba hata wiki mbili za mchana kwa mwezi sio dhambi, akikataa umepoteza nini? Jumapili hii ukitoka kazini usipitie geto kwanza maana ukikaa kitandani hutatoka, nenda moja kwa moja kiwanjani kwa watu wa jogging, muulizie katibu, afu uniandikie alikujibu nini.