Nilikuwa na bakapu, mbona picha zimeenda?

SWALI: Fundi habari. Simu ilikuwa inalia kila saa imejaa, nikafungua Google Photos nikaona picha zote ziko bakapu, basi nikazifuta hapo hapo ndio nipate nafasi. Harusi ya kakangu Kakamega imo humo. Jioni naingia na laptopu, hata huko hakuna kitu! Zitarudi kweli? Na skani za cheti changu cha KCSE niweke wapi, ziko kwa fleshi tu.
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Pole mama. Zitarudi kama hujakawia, ingia leo leo kwa pipa la taka humo humo Google Photos, picha iliyokuwa na bakapu hukaa hapo siku 60 kabla ifutike kabisa. Shika moja kwa kidole, chagua zingine, rudisha. Hiyo app imeunganisha simu na akaunti, ukifuta huku na kule imefuta. Kama shida ni nafasi tu, bonyeza Free up space, hiyo hutoa kwa simu peke yake zile zimeshapanda juu kwa akaunti.

Sasa ujue ile nafasi ya bure ya Google ni GB 15 na picha zinaigawana na Gmail na Drive (pale Google huweka faili), na kwa Android hata bakapu ya WhatsApp inakula hapo. Ikijaa bakapu inasimama na emaili haziingii. Kwa hivyo video za gruu ya chama usizipandishe, tafadhali.

Fleshi ni ya kubeba, si ya kuweka. Na zile za bei ya kutupa zimeandikwa 1TB, nyingi ni feki, ndani ni kidogo sana ila zimedanganya kompyuta, unajaza zinakubali tu, siku ya kufungua faili hazifunguki. Tafuta hard disk ya ukweli, kopi faili zako humo, halafu fungua kadhaa kwa mashine ingine uone. Usiiache imechomekwa ukutani, radi za huku unazijua. Mimi ningempa dada au mama akae nayo kwake, mwizi akibeba laptopu asibebe na disk.

Cheti kiwe PDF, kiwe kwa Drive na kwa disk, na jina lianze na mwaka, kama 2014-KCSE-cheti, si ile Scan0001 ya saiba. Na ukiskani huko saiba, futa kopi kwa mashine yao na utoke kwa emaili yako kabla ulipe, hizo kompyuta zimejaa vitambulisho vya watu.