Maswali na Majibu: Roboti inadeki upande mmoja na tangi linanuka. Je, ni pampu?

Swali

Habari za kazi, fundi. Mume wangu alituletea kutoka Dubai roboti ya kufagia na kudeki. Tangi lake la maji ni la mililita 300, linachomekwa kwa nyuma. Tunaishi Kigamboni, nyumba nzima ina vigae, na maji tunayotumia ni ya kisima. Yana chumvi, hata birika la umeme linafanya ukoko mweupe. Miezi ya mwanzo roboti ilideki vizuri sana. Sasa kitambaa kinalowa upande wa kulia tu, sakafu ikikauka inabaki na michirizi myeupe, na tangi linanuka uvundo. Huwa naweka sabuni ya maji kidogo na nusu kifuniko cha Jik ili kuua vijidudu. Fundi wa mtaani anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

Jibu

Salama, dada. Usinunue pampu kwanza. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba pampu ni nzima.

Roboti nyingi zenye tangi la ukubwa huo zina pampu moja ndogo. Inavuta maji kutoka kwenye tangi, inayasukuma kwenye mpira mwembamba, kisha mpira unagawanyika mara mbili kwenda kwenye vitundu vilivyo juu ya kitambaa, kimoja kushoto na kingine kulia. Pampu ikifa, pande zote mbili hukauka. Upande mmoja ukiendelea kulowa, maana yake pampu inasukuma, na kilichoziba kiko mbele yake: ama tawi la kushoto la mpira, ama kitundu chenyewe. Mara nyingi ni kitundu.

Hakikisha kabla ya kugusa chochote. Vua kitambaa, ubaki na bamba lake tu. Kata vipande viwili vya tishu kavu vinavyolingana, bandika kimoja chini ya kila kitundu kwa selotepu, rudisha bamba, jaza tangi, kisha kwenye programu ya simu chagua maji kiwango cha juu. Iache roboti ideki kwa dakika mbili, uizime na uangalie tishu. Moja ikiwa chepechepe na nyingine ina doa dogo au kavu kabisa, jibu umelipata. Zote zikiwa kavu, ndipo tunaanza kuitilia shaka pampu, na hata hapo kuna vitu viwili vya kutazama kwanza: chujio dogo la wavu pale maji yanapotokea kwenye tangi, na tundu la hewa kwenye kifuniko. Tundu la hewa likiziba, maji yanapotoka hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake, na baada ya muda mfupi pampu inavuta bila kupata kitu.

Sasa chanzo. Maji yenye chumvi hayazibi kitundu yakiwa yanapita. Yanaziba yanapokauka pale pale. Tuseme maji ya kisima chako yana gramu 1 ya chumvi na madini kwa kila lita, jambo la kawaida kwa visima vya pwani. Tangi la mililita 300 likiachwa likauke lenyewe, linabakiza gramu 0.3 ya unga mweupe. Kwenye tangi huo ni utando tu. Lakini tone linaloning'inia kwenye kitundu chembamba kama sindano, likikauka usiku mmoja baada ya mwingine, linajenga kizibo. Ndiyo maana utakuta roboti iliyotumia maji ya kisima kwa muda mrefu iko salama kwa sababu mwenyewe huimwaga na kuisuuza, na nyingine imeziba mapema kwa sababu ilibaki na maji tumboni kutoka Jumamosi hadi Jumamosi.

Jik na sabuni vimeongeza tatizo. Jik inapandisha ualkali wa maji, na katika maji yenye kalisi nyingi hilo linaharakisha chokaa kujitenga na kuganda. Pia inakausha mipira ya kuzibia na kula vyuma vya kugusisha umeme. Sabuni ya vyombo inatoa povu, povu ni hewa, na pampu ndogo ikimeza hewa inasukuma kwa kukatakata. Sabuni inayobaki sakafuni inanata na kushika vumbi, halafu kitambaa kinalisambaza vumbi hilo siku inayofuata. Kwenye tangi weka maji matupu. Kama unataka dawa ya sakafu, tumia ile tu ambayo mtengenezaji wa roboti ameiruhusu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kuzibua

Hatua ya kwanza usiiruke hata kidogo: ondoa Jik yote. Tutatumia asidi, na asidi ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini ambayo inaumiza mapafu. Jaza tangi maji safi, tikisa, mwaga; rudia mara tatu au nne mpaka harufu ya Jik iishe kabisa. Kisha jaza tena maji safi na uiache roboti ideki mpaka tangi liishe, ili mpira wa ndani nao usuuzike. Kitambaa kilichowahi kuguswa na Jik kifue, au weka kingine.

Tafuta asidi ya limau ya unga, ile ya kuokea na kutengenezea juisi. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ni takribani gramu 5. Kikoroge kwenye mililita 250 za maji ya uvuguvugu mpaka kiyeyuke chote. Huo ni mchanganyiko wa asilimia 2, unatosha. Usikamulie limau lenyewe, maana nyama na sukari yake ndiyo vitakavyoziba. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inafaa pia, ila harufu yake inakaa.

Tazama tangi kabla ya kulilowesha. Ukiona vibati vidogo vya shaba au vya rangi ya dhahabu kwa nje, ndani mna umeme, kwa hiyo usilizamishe kwenye beseni. Mimina mchanganyiko ndani tu na ufute nje kwa kitambaa. Bamba la kitambaa ambalo ni plastiki tupu unaweza kulilaza kwenye sahani yenye mchanganyiko huo kwa nusu saa, vitundu vikiwa vimezama. Baadaye chukua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano, na usukume maji safi kupitia kila kitundu. Kizibo kitatoka kama punje nyeupe. Usichokoe kwa pini, kwani ukikipanua kitundu upande huo utamwaga maji daima.

Kwa mpira wa ndani, mimina kama mililita 50 za mchanganyiko kwenye tangi, weka kitambaa cha zamani, acha roboti ideki sehemu ndogo ya kigae cha kauri kwa dakika tatu, isimamishe, subiri dakika 20. Mwaga kilichobaki, jaza maji safi na uiache ideki mpaka yaishe; fanya hivyo mara mbili, kisha futa pale sakafuni kwa maji. Usiifanye kazi hii juu ya terazo wala marumaru ya jiwe halisi: asidi inakula mng'ao na haurudi bila kusagwa upya. Kama roboti bado iko kwenye waranti, soma kwanza kijitabu chake, kwa sababu watengenezaji wengine wanakataza kitu chochote zaidi ya maji kupita kwenye pampu. Kwa hao ishia kwenye kuloweka bamba na kusuuza kwa maji ya uvuguvugu. Yasizidi nyuzi 40. Maji ya moto yanapinda plastiki na kulegeza mipira ya kuzibia.

Fahamu jambo moja: asidi ya limau inayeyusha chokaa, haina kazi na chumvi ya kawaida. Hiyo ya pili inayeyuka kwa maji matupu. Kisima cha pwani mara nyingi kina vyote viwili, ndiyo sababu nimesisitiza kusuuza kabla na baada.

Maji gani uweke

Hapa una bahati, kwa sababu roboti inakunywa kidogo. Dumu la lita 20 linajaza tangi lako mara 66. Maji ya mvua ndiyo chaguo langu la kwanza kwa nyumba ya kisima: acha mvua ya mwanzo ioshe bati, kinga inayofuata, chuja kwa kitambaa safi, funga dumu na uliweke kivulini. Maji ya bomba ya DAWASA yanayotoka mto Ruvu yana madini machache kuliko kisima chenye chumvi, nayo yanafaa. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi karibu hayana madini, lakini huja na vumbi na utelezi, kwa hiyo yachuje na uyatumie siku hiyo hiyo. Ukinunua maji ya betri, soma lebo mara mbili. Unayoyataka ni maji yaliyotoneshwa, yaani “distilled water”. Kuna chupa zinazofanana nazo ambazo ndani yake ni asidi ya betri, na hiyo ni hatari kwako na kwa mashine.

Kuchemsha maji ya kisima hakusaidii vya kutosha. Sehemu ya chokaa itabaki kwenye sufuria, lakini chumvi inabaki yote, na kwa kuwa maji yamepungua inakuwa kali zaidi.

Kama huna namna ila kisima, kitumie, kisha malizia kwa maji laini: mililita 50 za maji ya mvua au ya chupa, dakika mbili za kudeki, ndipo uzime. Hivyo tone litakalokauka kwenye kitundu halitakuwa la chumvi. Kati ya yote niliyokueleza, hili ndilo litakaloirefushia roboti yako maisha.

Kujaza na kuhifadhi

Vua tangi, usimimine maji likiwa kwenye roboti. Fungua kizibo cha mpira, mimina polepole kwa jagi lenye mdomo mwembamba mpaka kwenye mstari wa juu na usiupite. Ligongegonge kidogo ili mapovu ya hewa yatoke, funga, na ulishike juu ya sinki kwa dakika moja. Likivuja hapo, kagua kizibo na ile ringi ya mpira: unywele mmoja uliobanwa unatosha kuvujisha tangi zima. Futa nje mpaka likauke, hasa vibati vya umeme. Kitambaa kiloweshe kwa maji laini na ukikamue kabla ya kukibandika. Kikianza kikavu, vyumba vya mwanzo havidekiki. Sukuma tangi mpaka lilie, kisha livute kidogo kuhakikisha limeshika. Iache roboti ifagie nyumba nzima kwanza, kisha ideki, la sivyo mchanga wa Kigamboni utageuka tope chini ya kitambaa.

Ikimaliza, vua tangi siku hiyo hiyo. Mwaga, suuza, liache wazi likipunga upepo kivulini, kwani jua kali linaipasua plastiki. Kitambaa kifue kila baada ya kudeki na ukianike juani, bila dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inapunguza unyonyaji. Ule uvundo unatoka kwenye utelezi wa bakteria uliojishika ukutani mwa tangi. Sugua kwa brashi laini ya chupa na tone moja la sabuni, suuza mpaka povu liishe. Harufu ikibaki baada ya hapo, nusa kitambaa, huenda ndicho mwenye kosa. Unapoibeba roboti, tangi lisiwe na maji, na usiiinamishe.

Michirizi myeupe iliyopo sakafuni sasa itatoka ukideki mara moja au mbili kwa mkono, kwa maji laini na kitambaa safi.

Swali la nyongeza kutoka Mombasa

Kituo cha roboti yetu, pale inaporudi kuchaji, kina tangi la maji safi na la maji machafu. Kila siku kinasema la machafu limejaa, nami nimelimwaga asubuhi. Kulikoni?

Jibu

Ndani ya tangi la machafu kuna boya dogo, mara nyingi lenye sumaku. Maji yakipanda boya linapanda, kihisi kinaiona sumaku na kituo kinasimama. Nywele na tope zikilinasa boya juu, kituo kitaamini tangi limejaa hata likiwa tupu. Fungua kifuniko, toa boya, osha reli yake kwa mswaki wa zamani, ujaribu kulipandisha na kulishusha kwa kidole. Linapaswa kuanguka lenyewe. Kagua pia mpira wa kuzibia kwenye kifuniko, maana ukikaa upande kituo hakivuti sawasawa na maji machafu yanabaki kwenye sinia la chini. Sinia hilo nalo lisafishe kila wiki. Maji machafu yamwage siku ile ile roboti inapodeki: kwa joto la Mombasa, yakilala usiku mmoja tu, harufu inaingia kwenye mipira na kuitoa ni kazi.