Mwalimu, jina langu ndilo mkosi wangu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi naitwa Tabu, nauza machungwa na ndizi mbivu soko la Mgandini, hapa Tanga mjini. Mama aliniita hivyo kwa kuwa alishikwa na uchungu siku mbili nzima, tena masika, barabara imekatika. Mwezi uliopita alikuja mhubiri akapiga hema mtaani kwetu. Aliposikia jina langu akashika kichwa. Akasema katika Biblia jina ni unabii, ndiyo maana nimefiwa na mume mapema na mtaji haukui. Anataka sadaka ya shilingi 50,000 ya "kuvunja jina", kisha niitwe Neema. Nimeshatoa 20,000. Nimalizie?

JIBU: Marahaba, mwanangu Tabu. Usimalizie. Na hiyo elfu ishirini ihesabu pamoja na machungwa yanayooza chini ya tenga. Imekwenda hiyo.

Nikupe kisa kwanza. Nilipokuwa katekista kwenye parokia moja ya huko Muheza, kazi yangu mojawapo ilikuwa kuandika daftari la ubatizo. Tukaletewa padre mgeni, mtu wa bara, Kiswahili anacho lakini pwani haijui. Bibi mmoja akaja na mjukuu mgongoni. Padre akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Bibi akajibu, "Sikujua." Padre akatabasamu: "Haya mama, ulikuwa hujui, sasa je? Mtoto anaitwa nani?" "Sikujua, baba." Padre akanigeukia, maji yanamchuruzika mkononi. Mimi nilikuwa nimeshaandika: Sikujua Agnes.

Binti yule alizaliwa wakati baba yake ameshahamia kwa mke mwingine bila kuaga. Mama yake hakugombana na mtu. Alimpa mtoto jina, basi, na kila asubuhi akilipaza uani kumwita mwanawe aje anywe uji, mlengwa alikuwa analisikia. Unajua mwenyewe kwamba hata kanga tunasema ina jina. Mwanamke akipita na kanga iliyoandikwa maneno makali, hatumshangai yeye, tunaangalia nani kainamisha kichwa.

Sasa fungua Mwanzo sura ya 29 na ya 30, usome majina ya wana wa Yakobo kama unavyosoma kanga. Lea hakupendwa, mume alimtaka Raheli. Alipojifungua wa kwanza akamwita Reubeni, akisema Bwana ameona mateso yangu, sasa mume wangu atanipenda. Wa pili Simeoni: Mungu amesikia kwamba sipendwi. Wa tatu Lawi: safari hii mume ataambatana nami. Wa nne tu ndiye aliyepata jina lisilomtaja mume, Yuda, la kumsifu Mungu. Raheli naye hakukaa kimya. Mjakazi wake Bilha alipomzalia mtoto wa pili, akamwita Naftali: nimeshindana na dada yangu, nimeshinda. Mimi nikifika hapo hucheka kila mara. Kitoto cha siku moja, kimefungwa nguo, kimeshabebeshwa ugomvi wa wake wenza! Kilishindana na nani? Jina lile lilikuwa la Raheli kuliko la Naftali.

Na jina lako, mwanangu, ni la mama yako. Ni zile siku zake mbili za masika.

Tena umo kwenye Biblia. Katika Mambo ya Nyakati cha kwanza, ambacho sura 9 za mwanzo ni majina juu ya majina mpaka msomaji anasinzia, sura ya 4 inasimama ghafla kumtaja mtu mmoja, Yabesi. Mama yake alimwita hivyo kwa kuwa alimzaa kwa uchungu. Kwa Kiebrania jina lile linacheza na neno la maumivu. Kwa lugha yetu ya hapa, huyo ni Tabu. Akafanya nini? Alimwomba Mungu ambariki, apanuliwe mipaka yake, alindwe na uovu. Akapewa alichoomba. Hakuomba jina jipya, na mwandishi anasema aliheshimiwa kuliko ndugu zake akiwa Yabesi vilevile. Wewe nawe omba meza ya pili hapo Mgandini.

Kwa kuwa umetaja kufiwa, nitakaa kidogo kwa Naomi. Alirudi Bethlehemu kutoka Moabu kafiwa na mume na wana wawili. Wanawake wa mji wakaulizana, huyu si Naomi? Jina hilo lina maana ya kupendeza, ya utamu. Akawakatalia: msiniite Naomi, niiteni Mara, maana yake uchungu. Angalia kinachofuata. Hakuna hata mmoja aliyemwita Mara. Mwandishi mwenyewe anaendelea na Naomi hadi mwisho wa kitabu cha Ruthu, na huyo Ruthu, mkwewe, alipojifungua, majirani walewale wakasema Naomi amezaliwa mwana. Yeye aliyetaka kubadili jina kwa ajili ya msiba, watu wake walimkatalia kwa upole.

Mhubiri wako hakudanganya yote, lazima niseme haki. Abramu alibadilishiwa akawa Abrahamu, Sarai akawa Sara, Yakobo akawa Israeli. Lakini hapo aliyebadili ni Mungu, akiwapa ahadi, wala hakuna aliyetozwa. Na Yakobo hata baada ya hapo Mungu huyohuyo alimwita usiku, "Yakobo, Yakobo," katika Mwanzo sura ya 46. Nabali naye, ambaye jina lake ni upumbavu, mkewe Abigaili alisema yuko kama jina lake. Ila soma alichofanya: kondoo 3,000 na mbuzi 1,000 anao, siku ya kukata manyoya, na vijana wa Daudi akawanyima hata chakula. Angeitwa Sulemani bado ningemwita Nabali.

Jingine, ambalo wahubiri wa mahema hawaligusi kabisa. Katika Matendo yumo Apolo, jina lililotokana na la mungu wa Wayunani. Katika Warumi yumo Fibi, naye jina lake limetoka kwenye hadithi za miungu hiyohiyo. Mmoja alifundisha kwa ufasaha, mwingine alikuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea na Paulo akamsifu. Hakuna mahali Paulo alipowaambia waje wavunje majina.

Ukitaka kuitwa Neema kwa kuwa unalipenda, ni haki yako. Andaa kiapo kwa wakili, kisha uanze kuhangaika na kitambulisho, laini ya simu na daftari la kikoba. Kama mama yako yupo hai, muulize kwanza zile siku mbili zilikuwaje. Mimi wangu sikumuuliza.

SWALI (Pangani): Mwalimu, mkwe wangu kampa mjukuu wangu jina Debora. Jirani ananicheka kwamba ni jina la mdudu. Kweli?

JIBU: Kweli kabisa, ni nyuki. Raheli ni kondoo jike, Yona ni njiwa, na yule Tabitha aliyewashonea wajane nguo, ambaye Kiyunani aliitwa Dorkasi, ni paa. Debora alikuwa nabii na mwamuzi, akiketi chini ya mtende huku Waisraeli wakimpandia mlimani kuamuliwa mashauri. Jirani akicheka tena, mwambie awaulize warina asali wa Handeni kama nyuki ni wa kuchekwa.