Mpira wa Katikati ni wa Nani?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nacheza wavu timu ya shule, nafasi namba 5, nyuma kushoto. Sevu, yaani mpira wa kuanzisha, ikija kati yangu na mwenzangu wa namba 6, nyuma katikati, tunatazamana, mpira unatua. Jumamosi tulipoteza pointi nne hivyo hivyo, na sasa hatusemeshani. Kosa ni la nani?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pointi hizo mlizipoteza kabla filimbi haijalia, kwa kuwa hamkuulizana.

Nilicheza namba 6 miaka mingi, kwenye kiwanja cha vumbi tulichokichora mistari kwa majivu. Mimi na dada wa namba 5 tulikuwa na ada yetu: kila mpinzani akishika mpira apige sevu, tunatazama amesimama wapi. Akiwa mkabala na namba 5, mpira wa katikati ni wangu. Utazame unavyosafiri: unamkimbia dada, unanijia mimi. Yeye akiunyoshea mikono ataugusa kwa pembeni tu, nao utaruka nje. Mpigaji akihamia upande wa pili wa kiwanja, tunapatana upya.

Kisha sauti. Sema "Yangu!" mpira ukiwa bado upande wao wa wavu. Ukisubiri uvuke, mwenzako ameshaanza kuufuata. Na neno "Yako!" nimewakataza wachezaji wangu kabisa, maana mnaweza kulitamka wote wawili na mpira ukaanguka.

Asiyepokea naye ana kazi, na hapa ndipo timu nyingi za shule zinapolala. Mwenzako akiita, geuka umwelekee, piga magoti kidogo, rudi nyuma yake uokoe mpira ukimponyoka. Tena wewe ndiye macho yake: yeye hauoni mstari, kwa hiyo "Nje!" itoke kinywani mwako.

Bila shaka mnapokea watano, kama shule nyingi. Kila mmoja ana eneo dogo, lakini mianya ni mingi, na mpiga sevu mjanja hutafuta mianya. Mwombeni kocha mjaribu watatu. Wamarekani waliotwaa dhahabu ya Olimpiki Los Angeles mwaka 1984 walikwenda mbali zaidi: karibu sevu zote walipokea wawili, Karch Kiraly na Aldis Berzins. Wengine waliwapisha, wakajiandaa kushambulia. Ila msivuruge mpangilio wa mzunguko, yaani nani yuko nafasi ipi, kabla sevu haijapigwa, refa atawapa wapinzani pointi.

Kuhusu kutosemeshana, mfuate wewe kesho kabla ya mazoezi. Usianze na Jumamosi. Mwombe msimame pamoja mpokee sevu kumi za katikati, na kabla ya kila moja muulizane: fupi nani, ndefu nani? Iliyopokewa vizuri kimyakimya msiihesabu.