Tangi Kubwa la Mbuna: Mawe Kwanza, Samaki Mwisho

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniandikia akitaka kujua mbuna gani wanapendeza zaidi kwenye tangi kubwa. Ndugu yangu, swali la samaki tutalifikia, ila ni la mwisho. Mbuna, wale samaki wa jamii ya sikilidi, wa rangi kali, wa miamba ya Ziwa Nyasa, wengi huponzwa na mambo yaliyorukwa kabla hawajatiwa majini.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 55. Likijaa pomoni ni lita 412. Fundi wa vioo atumie kioo cha milimita 12 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ni sumu kwa samaki. Iache ikauke wiki nzima. Maji, mawe, mchanga na kioo kwa pamoja vinapita nusu tani, kwa hiyo meza ya sebuleni haifai kabisa. Chomelesha stendi ya chuma, iweke juu ya sakafu ya zege na uikague kwa pimamaji pande zote. Chini ya tangi laza povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, ili kioo kisikalie kitu kinachochoma. Kokoto moja iliyosahaulika hapo inatosha kukipasua.

Mawe hutangulia mchanga, na hili halina mjadala. Mbuna ni wachimbaji. Jiwe lililokalia mchanga watalichimbua chini mpaka liangukie kioo. Tandika karatasi ngumu ya plastiki ndani ya tangi, panga mawe makubwa, lisukume kila moja kwa mkono uhakikishe halitikisiki, ndipo umwage mchanga uliooshwa hadi maji yake yakatoka safi. Kilo 35 hivi zitakupa tabaka la sentimita 3. Kila pango liwe na njia mbili, kwa sababu samaki anayekimbizwa akiingia pango lisilo na pa kutokea, atapigwa humo humo. Jiwe usilolijua lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, na kwa mbuna hiyo ni heri, maana maji ya Nyasa yana pH (kipimo cha uchachu, ambapo 7 ni katikati) ya kati ya 7.7 na 8.6. Lenye mishipa inayong'aa kama chuma liache.

Lakini pH hiyo hiyo ndiyo inayoifanya amonia, ile itokanayo na taka za samaki, kuwa hatari. Katika nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, haifiki asilimia 1 ya amonia inayokuwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8.4 inafika kama asilimia 12. Kwa hiyo filta lazima iive, yaani iote bakteria wanaokula amonia, kabla ya samaki. Funga filta mbili, zikizungusha jumla ya lita 3,000 kwa saa, na maji yaondolewe klorini kwanza. Tia amonia isiyo na manukato wala sabuni hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha wape bakteria wiki 4 hadi 6. Filta imeiva pale kiasi hicho kinapoisha ndani ya saa 24, amonia na nitriti, sumu ambayo bakteria huizalisha kutokana na amonia, zote zikisoma sifuri. Sifongo iliyokwisha kutumika kwenye filta ya tangi lenye afya hufupisha kazi hiyo sana.

Kwa baridi ya Nairobi weka hita 2 za wati 200, si moja ya 400. Moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha samaki upesi. Lenga nyuzi 25 au 26.

Sasa samaki. Aina 3 zisizofanana rangi zinatosha: Labidochromis caeruleus wa njano, Metriaclima estherae wa rangi ya machungwa, na Chindongo demasoni wa mistari ya buluu, anayetoka upande wa Tanzania wa ziwa. Demasoni wasipungue 12. Wakiwa wachache, dume mbabe huwamaliza mmoja mmoja. Kwa aina nyingine, dume 1 kwa majike 3 au 4. Nunua wadogo na uwaingize wote pamoja, jambo ambalo haliwezekani kama filta haijaiva. Ukilazimika kuongeza wengine baadaye, pangua mawe kwanza ili kila mwenye himaya aipoteze.

Kwa kawaida mbuna hula mwani, na utumbo wake ni mrefu. Mpe chakula chenye spirulina (aina ya mwani), kidogo, mara 2 kwa siku. Nyama ya ng'ombe marufuku. Ukiona anakataa chakula na kinyesi kimekuwa uzi mweupe, tumbo litafuata kuvimba. Badilisha theluthi ya maji kila wiki.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iokoe tangi. Filta ya kopo, ile iliyofungwa kwenye chombo nje ya tangi, ikiwa imezimika saa nyingi, usiiwashe hivi hivi. Maji yaliyolala humo yameishiwa oksijeni na kuoza. Yamwage, suuza sifongo kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe.