Namna ya kumuuliza mama kuhusu maneno ya mtoto: kwa mnaoanza kazi kliniki

Mkianza kazi kliniki za watoto hapa Malindi, swali litakalowatoka upesi ni "Anaongea vizuri?" Liacheni. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri, mtoto analia mapajani, atajibu "yuko sawa," nanyi mtafunga kijitabu.

Muulizeni anayoyaona nyumbani sasa hivi. Mtoto akitaka maji hufanyaje? Uji, paka, mbuzi, viatu: lipi analitamka, lipi analielewa tu? Mama husahau mtoto alianza lini kusema "baba", lakini ya jana usiku anayo. Na akitajiwa maneno mojamoja hukumbuka mengi kuliko akiachwa ayatafute mwenyewe. Ndivyo inavyofanya kazi CDI, orodha ya maneno ambayo mzazi huonyesha yale mtoto anayoyaelewa au kuyasema, iliyotungwa Marekani. Watafiti Kilifi waliitunga upya kwa Kiswahili na Kigiriama, na kwa kuwa wazazi wengi hawakusoma, wakaiuliza kwa mdomo.

Neno lenye maana moja kila mara lihesabuni, hata kama "maji" yanatoka "mai". Hesabuni na ya Kigiriama. Mkihesabu Kiswahili peke yake, mtamwandika mtoto asiye na tatizo kuwa amechelewa. Ulizeni pia nani anashinda naye. Mama anayefanya kazi hotelini huenda akawaambia kweli kabisa, "Muulize nyanyake." Basi nyanya aitwe.

Mtoto wa miaka 2 asiyefikisha maneno 50, au asiyeunganisha mawili kama "mama njoo", apewe rufaa, na masikio yapimwe kwanza, hasa yakiwa yanatoa usaha mara kwa mara. Msikubali "ni mvulana, atasema tu." Mkiambiwa "hata babake alichelewa," andikeni, kuchelewa kusema hurithiwa katika familia, kwa hiyo hiyo ni sababu ya kumfuatilia zaidi. Na aliyekuwa na maneno yakapotea, hata awe na umri gani, asingojeshwe hata wiki.

Chanjo ya surua ya miezi 18 ndiyo nafasi ninayoipenda zaidi: mama anakuja hata hivyo, na bado kuna muda. Andikeni maneno yenyewe aliyoyataja, si "anaongea". Atakayempokea mtoto huyo baadaye atakuwa na cha kulinganisha.